Chakula cha Siku ya Tatu

Mgeni anayekuja Shinyanga kwa mara ya kwanza huwa na swali analolitanguliza mbele ya mengine yote: hapa kwenu kuna chakula gani? Wengine huuliza kwa simu kabla hata hawajakata tiketi ya basi. Wanajua Unguja kuna urojo, Bukoba kuna ndizi na senene, Kigoma kuna migebuka, Moshi kuna mtori. Kuhusu sisi wanajua ng'ombe, pamba na almasi ya Mwadui, na ukiwatajia Geita watakujibu dhahabu. Ukiacha ng'ombe, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotiwa chunguni.

Mimi ni mzaliwa wa huku. Nina ndugu Kishapu na wengine Geita, kwa hiyo majibu ninayo. Ninaweza kumtajia mgeni vyakula kumi bila kupumzika. Kinachonifanya nisite ni swali jingine, ambalo mgeni haliulizi: kati ya vyakula hivyo kumi, kipi ni haki kumpa?

Nasema haki kwa sababu huku kwetu chakula cha kumheshimu mgeni na chakula kinachoonyesha sisi ni watu gani ni vitu viwili tofauti. Mara nyingi kimoja hutolewa ili kukificha kingine. Mwenyeji anayetaka kuwa mkarimu na mwenyeji anayetaka kuwa mkweli hawapiki chungu kimoja, hata kama ni mtu yule yule.

Tuanze na heshima. Ukifika kwenye mji wa Msukuma bila taarifa, dalili ya kwanza kwamba umepokewa ni mtoto anayemkimbiza kuku nyuma ya nyumba. Baada ya saa moja na nusu hivi utaletewa maji ya kunawa, kisha wali, kisha kuku wa kienyeji aliyechemshwa mpaka mchuzi wake ukawa na macho ya mafuta. Firigisi itakuwa kwenye bakuli lako, na hutaiona kwa mwingine. Huo wali si jambo dogo. Mpunga wetu hulimwa kwenye majaruba, yale mashamba yaliyozungushiwa matuta ili kuzuia maji, kwenye udongo mweusi wa mbugani ambao ukinyeshewa unakamata mguu mpaka gotini. Kazi ni nzito, na sehemu kubwa ya mavuno huuzwa. Malori huupeleka mchele wa Kahama na Shinyanga Dar es Salaam na mpaka nchi jirani. Ziko nyumba nyingi zinazolima mpunga na kula ugali. Kwa hiyo mwenyeji anayekuwekea sinia la wali amekupa kitu ambacho angeweza kukigeuza kuwa ada ya shule.

Watoto wa nyumba hiyo nao watakula wali siku hiyo, na ndiyo maana tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaoichukua methali hii kama utani hawajawahi kuwa mtoto anayesubiri mgeni.

Lakini chakula hicho, pamoja na heshima yake yote, hakimwambii mgeni amefika wapi. Wali na kuku atavikuta Iringa, atavikuta Lindi, atavikuta kwenye hoteli iliyo mkabala na stendi yoyote ya Tanzania. Kinachosemwa na sinia lile ni kwamba tumekuona na tumekuthamini. Habari za nyumba yenyewe, imeishije mwaka uliopita na itaishije mwaka ujao, hazimo ndani yake.

Hizo zimo kwenye chakula cha siku ya tatu. Naita hivyo kwa kufuata methali nyingine ambayo kila Mswahili anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naisoma tofauti. Anayepewa jembe hafukuzwi, anaingizwa kwenye hesabu ya nyumba. Na anayelima na wenzake atakula wanachokula wenzake.

Wanakula nini? Wanakula ugali wa mtama, mweusimweusi, mzito, unaotelemshwa kwa mlenda au kwa maziwa mgando yaliyokaa kwenye kibuyu mpaka yakapata ukali. Wanakula nsansa, yaani majani ya kunde au mgagani yaliyokaushwa wakati wa mvua, yakahifadhiwa, kisha yakapikwa kiangazi kwa karanga zilizotwangwa, wakati ambapo nje hakuna jani bichi. Wanakula choroko. Na zaidi ya vyote wanakula michembe na matobolwa.

Kwa asiyevijua: vyote viwili ni viazi vitamu. Vikishachimbwa, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba au wa nane, mama humenya rundo zima kwa kisu. Kwa michembe, huviacha kwanza vinyauke kidogo ili visivunjike, kisha huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani. Kwa matobolwa, huvichemsha kwanza, kisha huvikata na kuvianika. Sehemu nzuri ya kuanikia ni juu ya jabali, na Usukumani majabali hatukunyimwa: jiwe hupata moto mchana kutwa na vipande hukauka juu na chini. Mtoto hukaa pembeni na fimbo kufukuza mbuzi na kuku. Baada ya siku chache vipande vinalia vikigongana kama vigae, na hapo viko tayari kuingia ghalani. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivyo hivyo makavu njiani, na utamu wake hutoka polepole. Michembe huchemshwa tena mpaka ilainike, ikaliwa na karanga za kusaga au na maziwa, au ikashushwa kwa chai asubuhi.

Ukiniuliza mgeni wa Shinyanga aonje nini kisichopatikana kwa urahisi pengine, nitasema hiyo. Na hapa ndipo ugumu wenyewe unapoanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu na mdadisi wa chakula, na nikampeleka Kishapu kwa shangazi yangu. Njiani alikuwa anaiulizia michembe tu. Tulipofika, baada ya salamu na maji, alimwambia shangazi kwa uchangamfu: "Shangazi, mimi nimefuata michembe." Shangazi alicheka, akamwambia, "Karibu mwanangu, pumzika kwanza," akaingia ndani. Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameshamtuma mtoto dukani kununua soda na mchele. Nilipomwambia kwamba mgeni anaomba michembe kwa dhati, alinijibu kwa sauti ya chini ili isifike nje: "Baba, nitampaje mtu wa watu chakula cha njaa? Akirudi kwao atasema alikuta nini?"

Siku hiyo tulikula wali na kuku. Kesho yake tulikula wali na nyama. Siku ya tatu mvua ilikuwa imeharibu barabara na tukabaki. Asubuhi shangazi alileta bakuli la michembe na karanga bila kusema neno, akaliweka katikati ya mkeka, akaketi na kuanza kula pamoja nasi. Siku mbili za kwanza alikuwa hajaketi na mgeni.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi tangu wakati huo, kwa sababu naona kila mmoja alikuwa na hoja. Mwenzangu alitaka ukweli wa mahali. Hakutaka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, alitaka kula kama wanavyokula wenyeji, na aliona hiyo ndiyo heshima. Shangazi naye alikuwa analinda kitu. Yeye ni wa kizazi kilichoona ukame wa mwaka 1974, wakati nchi ilipolazimika kuagiza nafaka kutoka nje na watu wakala unga wa mahindi ya njano. Watu waliubatiza unga ule jina la yanga, kwa rangi ya jezi, wakacheka ili wameze. Mwaka ule sisi ndio tuliokuwa wageni kwenye meza ya wengine, na hakuna aliyetuuliza tungependa kuonja nini. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuona michembe kama kivutio. Kwake ile ni kumbukumbu ya miezi ambayo ilikuwa ndiyo chakula pekee, bila karanga na bila maziwa.

Wako wanaosema aibu ya aina hiyo ni ya kizamani na inafaa kuondolewa. Tujivunie vyakula vyetu vya asili, wanasema. Ninakubaliana nao nusu. Michembe inastahili fahari, na fahari yenyewe nitaieleza: ni akili ya watu wanaoishi mahali ambapo mvua haina ahadi. Kiazi kibichi kinaoza baada ya wiki chache. Kiazi kilichokatwa na kuanikwa kinamvusha mtu Desemba, Januari, Februari, mpaka shamba litakapotoa kitu tena. Aliyebuni hilo hakuwa na kitabu wala ruzuku. Ndiyo akili ile ile iliyotupa ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti kwenye nchi iliyokuwa imegeuka kipara, ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha wazee na kuanza kuwasikiliza kuhusu ngitili. Michembe ni ngitili ya jikoni. Ni ulaji unaofungwa leo ili ufunguliwe kesho.

Nusu nyingine siikubali. Aibu ya shangazi haikuwa ujinga wa kutojua thamani ya chakula chake. Alijua thamani yake kuliko sisi wawili. Tulikuwa mwezi wa pili. Michembe iliyokuwa ghalani ndiyo iliyohesabiwa kufikisha nyumba mpaka mavuno. Soda na mchele vilinunuliwa kwa fedha, na fedha inaweza kutafutwa. Michembe mwezi wa pili haitafutwi: ama ulianika mwezi wa sita, ama hukuanika. Mgeni anayeomba "chakula cha kawaida tu, msijisumbue" anaweza kuwa anaomba kitu cha ghali kuliko kuku, na hajui. Aliyeambiwa jambo hili ataelewa kwa nini siku ya tatu ina maana. Siku mbili za kwanza unakula kilichotafutwa kwa ajili yako. Siku ya tatu unakula akiba, na akiba haigawiwi mpita njia.

Kwa hiyo swali la haki lina kalenda ndani yake. Michembe ile ile ikiletwa mwezi wa saba, viazi vimejaa mpaka watoto wanavichoka, ni ukarimu mwepesi. Mwezi wa pili ni sadaka. Mwenye hoteli anayeiandika kwenye orodha ya vyakula vya asili mwaka mzima anafuta tofauti hiyo. Simlaumu. Kama anainunua kwa bei nzuri kutoka kwa mama aliyemenya, akakata na kulinda jabali, fedha ile inaweza kununua mahindi mengi kuliko michembe iliyouzwa. Lakini nimeona pia jinsi mtama ulivyopanda hadhi. Unga ambao nyumba nyingi za huku ziliuacha kwa kuwa sembe ilionekana ya kistaarabu, na kwa kuwa kulinda shamba dhidi ya kweleakwelea kunamla mtoto siku nzima, sasa unauzwa mijini kwenye mifuko mizuri kwa watu walioambiwa na daktari wapunguze sukari. Chakula cha maskini kikipendwa na wenye uwezo kinapata heshima, na bei inapanda pamoja na heshima. Aliyekihifadhi miaka yote anaweza kujikuta anakisifia kwa mbali.

Ukitoka Shinyanga, ukapita njia panda ya Tinde kuelekea Kahama na kuendelea mpaka Geita, swali hili linabadilika sura, kwa sababu Geita karibu kila mtu ni mgeni. Wapo Wasukuma na Wazinza, lakini wapo pia Waha, Wahaya, Wakurya, Wachaga na Wanyiramba, wote wamefuata kitu kimoja. Kikitangazwa kipande kipya cha dhahabu, watu husema kuna rashi, na baada ya siku chache porini panakuwa na mji wa maturubai. Pamoja na wachimbaji wa kwanza hufika mama lishe na masufuria yake. Hapo hakuna siku ya kwanza wala ya pili. Watu wanaanza na jembe.

Chakula chao kinafuata kazi. Ugali lazima ukae tumboni, kwa hiyo mara nyingi ni wa udaga, ule muhogo uliovundikwa na kukaushwa, pekee au umechanganywa na mahindi. Mboga ni dagaa, maharage, au samaki kutoka ziwani, maana Ziwa Victoria haliko mbali: sato wa kukaanga, au kipande cha sangara kwenye mchuzi mwekundu wa nyanya. Kwa miaka mingi, waliotoka Mwanza walikuwa wamekwisha kuionja ladha hiyo wakisubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Daraja lilifunguliwa mwaka 2025, na sasa mtu anavuka ndani ya gari bila kununua hata kipande.

Ninachokistaajabia machimboni si chakula, ni daftari. Mama lishe huandika majina na madeni. Mchimbaji hula leo, kesho na wiki nzima kwa ahadi kwamba duara likitema atalipa. Maduara mengi hayatemi. Niliwahi kumuuliza mmoja wao, mama wa makamo aliyetoka Sengerema, kwa nini anawapa chakula watu ambao wanaweza kuondoka usiku bila kuaga. Alikuwa anasonga ugali na hakusimamisha mwiko. "Baba, huyu akila bila hela leo, kesho nitamdai," alisema. "Asipokula leo, kesho nitamdai nani?"

Kwenye hesabu za dhahabu mama huyu hayumo. Mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wanagawana mifuko ya mawe, mwenye karasha anakata chake. Lakini nguvu iliyoshika nyundo shimoni ilitoka kwenye sufuria lake, na ilikopeshwa bila riba. Mgeni akiniuliza Geita ni wapi atakula chakula chenye ladha ya mahali pale, humwelekeza kwa mama kama huyo, na humwambia alipe taslimu na asidai punguzo. Deni ni haki ya mchimbaji. Mpita njia hana haki hiyo.

Kuna chakula kimoja ambacho sijawahi kumwelekeza mgeni, na lazima nieleze kwa nini, maana kiko hapa hapa. Ni mapanki: mifupa ya sangara yenye kichwa na mkia, iliyobaki baada ya viwanda vya Mwanza kuchuna minofu kwa ajili ya kuisafirisha nje. Biashara hiyo ilipopamba moto miaka ya 1990, mapanki yalianza kuuzwa kwa wenyeji, yakakaangwa au kukaushwa, yakafika masoko ya mbali na ziwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, aliyaonyesha kwenye filamu yake ya Darwin's Nightmare. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa filamu hiyo hadharani, na ukazuka ubishi mkubwa nchini. Sehemu ya ubishi ilikuwa swali la ajabu kidogo: je, Watanzania wanakula mapanki au hayaliwi na watu?

Watu wanayala. Na yakioshwa vizuri, yakakaangwa yakakauka, yakatiwa kitunguu na ndimu, nyama iliyobaki shingoni ni tamu. Aibu ya mapanki haiko kwenye ladha, na haiko kwa mlaji. Mama anayeyakaanga anafanya kile kile alichofanya aliyebuni michembe: anachukua kilichopo na kukifanya kifae. Tofauti iko kwenye chanzo cha upungufu. Michembe ilizaliwa na mvua, ambayo haina mtu wa kumlaumu. Mapanki yalizaliwa na mpangilio: mnofu una mtu wake, bondo lina mtu wake, na mfupa una mtu wake.

Geita kuna neno ndugu yake. Mawe yanayotolewa na mgodi mkubwa yakaonekana hayana dhahabu ya kutosha huitwa magwangala, na wananchi walidai kwa muda mrefu waruhusiwe kuyachukua ili wayasage na kutafuta humo kilichosahauliwa. Mapanki na magwangala: ukiyatamka pamoja unasikia historia ya ukanda huu wote. Mtu anayeishi kwa ustadi juu ya mabaki anastahili heshima. Lakini nikimchukua mgeni nikamwambia hiki ndicho chakula chetu maalumu, karibu uonje, nitakuwa nimeugeuza mgawanyo usio wa haki kuwa utamaduni. Ladha ingeficha swali la nani alikula mnofu. Akiyakuta mwenyewe sokoni akayanunua, sawa, na nitamwambia yametoka wapi. Kumkaribisha siwezi.

Hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya vyakula vya dhiki. Ile dhiki ambayo watu waliikabili wakaishinda, chakula chake kinaweza kuwa zawadi. Ile ambayo bado wanatendewa, chakula chake ni ushahidi, na ushahidi haupambwi kwa ndimu.

Kuhusu wageni, Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba mtu anayefika nchi ya wengine ana haki ya kuizuru bila kutendewa kama adui, lakini hana haki ya kudai alishwe na kukaa kama wa nyumbani. Hapo hapo aliwashutumu wafanyabiashara wa Ulaya ambao kwao kuzuru nchi na kuiteka vilikuwa kitu kimoja. Aliona tatizo vizuri, lakini alisimama mpakani. Methali yetu inaingia mpaka ndani. Inakubali mgeni alishwe, tena alishwe vizuri, bila kuulizwa ana haki gani. Kisha inaweka muda. Baada ya muda huo hakuna tena mgeni: kuna mtu mwenye jembe, au kuna mtu anayekula bure.

Kwa kipimo hicho, mgeni wa siku moja si tatizo. Namwambia ale wali na kuku anaoletewa, aipokee firigisi bila kujifanya anaona haya, na aelewe kwamba hajadanganywa. Amepewa heshima, na heshima nayo ni kweli, ingawa si kweli yote. Kama ni mwezi wa sita au wa saba, aulize sokoni michembe, nsansa na matobolwa, anunue kwa mama aliyevianika, aulize vilianikwa wapi. Kama ni siku ya mnada, aende ale nyama choma kwa chumvi na pilipili mahali ng'ombe alipouzwa asubuhi. Kama ni mwezi wa pili, asiombe akiba ya mtu.

Mgeni wa siku tatu ana nafasi nyingine. Mwenzangu wa Dar es Salaam, baada ya lile bakuli la asubuhi, alipewa kazi ya kubangua karanga pamoja na watoto, na aliifanya vibaya, wakamcheka. Mwaka uliofuata alipopiga simu kuwasalimia, shangazi hakumuuliza hali ya mji. Alimuuliza kama vidole vimepona.

Na kuna mgeni wa tatu, ambaye hatumzungumzii sana katika mambo ya chakula. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wenye migodi watangulize bidhaa na huduma za Watanzania, na chakula ni mojawapo ya mambo ambayo mgodi hununua kila siku. Ni hatua ya kweli, na mkulima wa majaruba anaweza kuihesabu kwa magunia. Lakini kununua kwa mwenyeji bado ni tendo la mteja. Jembe ni zaidi ya hapo. Ni kuona mwaka wa nyumba jinsi unavyokwenda, ni mwezi gani ghala linakuwa tupu, na kukubali kwamba kilichomo na kilichokosekana vinakuhusu. Kwa hesabu ya methali, siku ya tatu ya mgodi ilipita zamani, na ni haki ya wenyeji kuuliza jembe lake liko wapi.